Tatu-Tano Wawili

Mwaka wangu wa pili Malaba, kazi yangu ilikuwa kuwapa watu namba. Namba zenyewe zilikuwa za redio koli, zile za kushika mkononi, ambazo maajenti wetu wa kupitisha mizigo walitembea nazo kutoka lango la forodha mpaka mwisho wa foleni ya malori. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, hasira zangu zilikuwa karibu, na nilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu kati ya Malaba na Busia aliyezijua redio zile kuliko mimi. Hiyo hakika ndiyo nusura iue mtu.

Wacha nieleze zilivyofanya kazi. Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkono hatujaziota, na mlingoti wetu ulikuwa mmoja juu ya paa la ofisi. Redio zote zilipitia hapo. Lakini fundi aliyekuja kutoka Kisumu kuzifunga alizigawa makundi matatu, na kundi moja halikusikia lingine ingawa hewa ni ile ile. Kundi la kwanza lilikuwa la langoni, wale wa kusukumana na karatasi za forodha. La pili lilikuwa la foleni, wale wa kutembea na malori. La tatu lilikuwa la wenzetu wa ofisi ya Busia. Nyuma ya kila redio, chini ya betri, palikuwa na vigurudumu viwili vidogo vyenye tarakimu. Cha kwanza kilionyesha kundi, cha pili kilionyesha mtu. Moja-nne alikuwa mtu wa langoni, na mbili-nne alikuwa mtu mwingine kabisa, wa foleni. Redio ilikaa kimya kiunoni mpaka namba yake iitwe, ndipo inalia, inafunguka, mwenyewe anaongea, na wa kundi lake wenye redio wazi wakati huo wanasikia pia.

Hakuna aliyemiliki namba. Asubuhi watu walipanga laini mlangoni kwangu, kila mmoja akachukua redio yoyote iliyokuwa na betri yenye moto wa kutosha, nami nikageuza vigurudumu kwa ncha ya pini ya nywele na kuandika kwenye daftari nani amepewa ipi. Jioni redio ilirudi na namba ikarudi, kesho yake mwingine akaipata. Fundi alinionya jambo moja tu, akalirudia mpaka nikakasirika: usiwape watu wawili namba moja ndani ya kundi moja. Namba za Busia aligawa karani wa huko, na kila asubuhi alinipigia simu ya mezani akanisomea orodha yake. Hewani majina yalikatazwa, maana malori yalibeba mali na barabara ilikuwa na wezi wenye masikio. Kwa hiyo hata hapa sitataja majina. Nilishazoea.

Katika maajenti wetu mwanamke alikuwa mmoja, mama wa miaka hamsini hivi kutoka upande wa Funyula, mnene, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliweza kumwambia dereva wa Mombasa, kundi zima likisikia, kwamba hiyo harufu ya samaki waliooza si ya mzigo, ni ya soksi zake. Madereva walimtafuta makusudi wapate kutukanwa. Mimi nilimpenda mpaka nilimfichia redio yenye betri mpya.

Kisha bosi akamhamisha ajenti mmoja kutoka Busia aje kwetu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini, mpole, shati ndani ya suruali hata jua likiwaka namna gani. Siku hiyo hiyo mama akaingia ofisini, akafunga mlango, akakaa.

"Huyu mtu mpya," akasema, "ameoa msichana wangu wa pili."

"Basi umepata wa kukubebea mkoba."

Hakucheka. Hapo nikaona jambo ni zito.

Kwao, na hata kwetu, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani, mmoja anaingia kichakani ampishe mwenzake. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatajani majina. Hakuna chuki ndani yake, ni heshima, na ukiivunja hujui nyumba itapatwa na nini. Lakini hao wazee waliopanga hayo mambo hawakuwa na redio koli.

"Sasa nitatukana madereva namna gani na mkwe wangu anasikia?" akaniuliza. "Nikicheka, atasikia. Nikikohoa, atasikia. Dada, unipangie."

Nikampangia. Yeye nikamweka langoni, mkwe nikamweka foleni, na kwa miezi minane wakatumia mlingoti mmoja bila sauti ya mmoja kugusa sikio la mwingine. Kama karatasi za lori la mkwe zilikwama kwa mama, habari ilipita kwangu. Mama alisema, "Mwambie yule wa foleni alete ile karatasi ya bima," nami nikageuza swichi, nikasema, "Mbili-sita, wanataka karatasi ya bima." Nilijiona fundi kuliko fundi. Kila asubuhi, kabla sijafikiria kazi, nilifikiria ukwe, na nani nimweke wapi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Maajenti wawili walikuwa wameangushwa na malaria, na bosi akaja na amri zake.

"Mama atashika pande zote mbili leo," akasema. "Langoni na foleni. Atageuza redio mwenyewe."

"Bosi, na mkwe wake?"

"Mkwe wake amefanya nini?"

Bosi alikuwa mtu wa mbali, mambo yetu aliyaona michezo. Sikubishana. Nikakaa na daftari nikaumiza kichwa. Mama leo atakuwa kundi la kwanza saa hii na la pili saa ijayo. Basi mkwe hana mahali Malaba nzima. Kundi lililobaki ni la tatu, la Busia. Nikaona ndiyo hiyo: atembee foleni ya Malaba kama kawaida, lakini redio yake iwe ya Busia. Mimi nikimtaka nitamwita huko.

Nilitakiwa kumwuliza karani wa Busia namba ipi iko wazi. Simu ilikuwa mezani, ningenyoosha mkono tu. Sikumpigia. Alikuwa amechelewa kunisomea orodha yake, nami nilijua akisikia habari ya ukwe atacheka, ataita na wengine waje wacheke. Juzi walikuwa wanne, moja mpaka nne. Nikasema tano iko wazi. Nikachukua pini, nikageuza: tatu, tano. Nikampa mkwe redio yake, akaipokea, akaniambia, "Asante, dada," akatoka kupitia mlango wa nyuma kwa sababu mama alikuwa mbele.

Sikujua kwamba Busia asubuhi hiyo waliongeza mtu, wakampa tano, na karani wao hakupiga simu siku hiyo kunisomea orodha.

Na ningejua kama ningesikiliza. Redio yangu ya mezani ilishika makundi yote, lakini la tatu nilikuwa nimelipunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono, maana watu wa Busia walipenda kuongea kama wako arusini. Kwa hiyo asubuhi nzima karani wa Busia alimwita mtu wake, tatu-tano, tatu-tano, lete hiki, peleka kile, na kila mara redio mbili zililia, moja Busia, nyingine kiunoni mwa mkwe kwenye foleni ya Malaba. Yule mpole akasikiliza habari za sukari na mabati yasiyomhusu mpaka saa nne, kisha akaizima. Hakuja kuniuliza. Aliona labda ndivyo nilivyotaka.

Saa sita na kitu, kundi la pili likalia mezani kwangu. Alikuwa mama.

"Ofisi, ofisi. Kuna tenka huku nyuma inavuja. Petroli. Inaingia mtaroni, inashuka huko mbele. Ova."

Barabara ya Malaba huteremka kuelekea mtoni, na foleni huipanda kinyume, kwa hiyo kinachomwagika nyuma hufika mbele. Nikasimama.

"Inavuja kidogo ama sana?"

"Nakwambia inashuka. Na kuna watu wanakuja na mitungi kuchota, wajinga hawa. Dada, huko chini akina mama wa chai wamewasha majiko kando ya mtaro." Akashusha sauti. "Na yule mtu yuko hapo. Namwona. Amesimama na madereva. Mwambie wazime moto. Mwambie sasa."

Maajenti wengine wa foleni walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa langoni na mwingine alikuwa ameingia mjini na dereva. Niliwaita, wakasema wanakimbia, lakini nilijua umbali. Mtu wa karibu na yale majiko alikuwa mmoja. Nikageuza swichi kundi la tatu na kuita tatu-tano.

Kukaja kelele za hewa, kisha sauti ya mwanamume. "Tatu-tano, endelea."

"Petroli inakuja mtaroni. Ambia watu wazime moto, majiko yote, halafu mtoke hapo. Umenisikia?"

"Sawa, ofisi. Nimepata."

Nikakaa. Ndiyo, nilikaa, nikafuta jasho kwa leso na kujiambia kwamba mpango wangu umefanya kazi. Naikumbuka ile dakika moja ya kukaa kuliko miaka mingine yote niliyofanya kazi pale. Baadaye huyo mtu wa Busia aliniambia alidhani ni tangazo la kila mtu, akatazama huku na huku, hakuona mtaro wala jiko, akaendelea na shughuli zake. Simlaumu. Alikuwa na siku moja kazini.

Mama akalia tena. "Ofisi, umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema sawa."

"Nani amesema sawa? Huyu hajagusa redio. Iko kiunoni. Anakunywa chai."

Nikajua pale pale, kabla hata ya kufikiri, nimefanya nini. Nikaita tatu-tano tena, na sauti ile ile ikajibu, "Tatu-tano, endelea," na safari hii nikasikia nyuma yake kengele ya kanisa la Busia mjini. Nikapiga kelele anyamaze, aachie hewa, aondoke kwenye namba hiyo, naye akaanza kuniuliza ni nani na kwa nini namtukana. Nikamwacha. Nikarudi kwa mama.

"Mama, hanisikii. Redio yake imezima. Wengine wako mbali. Hakuna mtu."

Mama alikuwa juu, kama malori kumi na tano kutoka kwenye yale majiko. Nilijua ninachomwomba, na yeye alijua, na sikuthubutu kukitamka. Nilisikia anavuta pumzi. Kisha nadhani alisahau kidole chake kwenye kitufe, kwa sababu redio ilibaki wazi, na kuanzia hapo nilichokuwa nacho ni masikio tu.

Nilisikia viatu kwenye kokoto. Nilisikia akihema, na sauti ya magari inapita moja baada ya nyingine. Akapiga kelele, "Zimeni moto! Petroli!" na wanawake wakajibu kitu, na maji yakamwagika kwenye makaa, nikasikia yanavyochemka. Nikamshukuru Mungu mapema. Halafu mama akaita jina.

Lilikuwa jina la mkwe wake. Miezi minane sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na aliliita kwa nguvu zote. Akaliita mara ya pili. Akasema, kwa lugha ya kwao, "Usikimbie, mtoto, njoo huku, njoo kwangu." Kisha kukawa na kishindo kama cha turubai linapopigwa na upepo, wanawake wakapiga mayowe, na redio ikakatika.

Nilitoka ofisini bila viatu. Nilikimbia kilomita nzima nikipishana na watu wanaokimbia kuja kwangu, na kila niliyemshika kumwuliza alinipita. Moshi ulikuwa mweusi. Nilikuwa nasema kitu njiani, sijui nilikuwa nasema nini, nilisikia tu mdomo wangu unaenda.

Akina mama wa chai ndio walionieleza. Walisema walisikia petroli, wakamwaga maji, majiko matatu yakazimika, la nne lilipigwa teke na mtu anayekimbia. Na walisema mkwe, alipogeuka akamwona mama mkwe wake anamjia mbio, leso imeanguka, akiliita jina lake mbele ya watu, alifanya kile alicholelewa kufanya. Alifunika uso kwa mikono. Akampisha. Kando ya barabara hapakuwa na kichaka, palikuwa na mtaro, akaingia humo na kumpa mgongo, na petroli ilikuwa imefika kifundoni mwake.

Mama hakusimama. Aliingia mtaroni, akamshika mkono, mkono kwa mkono, akamvuta kama unavyovuta ng'ombe aliyekwama. Mkwe alikuwa anang'ang'ana kujitoa mikononi mwake, anasema, "Mama, niache, mama, ni vibaya," na yeye hakuachia. Alimtupa juu barabarani kwanza. Moto ulipofika, yeye mguu mmoja ulikuwa bado chini.

Madereva walimzima kwa mchanga na mablanketi ya kwenye malori. Hakuna aliyekufa. Lori moja liliungua magurudumu. Nilipofika walikuwa wanampakia kwenye pikapu, miguu yake imefunikwa, na mkwe wake alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, uso umeelekezwa kwenye ukuta, analia bila kujificha.

Walimpeleka hospitali ya misheni ya upande wa kwao. Wiki ya kwanza sikwenda. Bosi alisema tenka ndiyo ilikuwa mbovu, polisi wakasema hivyo hivyo, na mkwe, nilipompa redio tena, aliniambia kwa upole wake, "Dada, siku ile iliita vitu vya Busia tu, nikaizima. Nisamehe." Yeye ananiomba mimi msamaha. Daftari lilikuwa mbele yangu, mstari wa Alhamisi, mwandiko wangu, tatu-tano. Hakuna mtu mwingine angeweza kuusoma akaelewa. Nilikula, nilifanya kazi, nikalala, na sikumwambia mtu. Nilijichukia vizuri sana.

Jumapili ya pili nikachukua gari mpaka Funyula. Nje ya wodi, chini ya dirisha, nilimkuta mkwe amekaa kwenye benchi na kikapu cha machungwa. Manesi waliniambia huja kila asipokuwa zamu, hukaa pale mpaka jioni, haingii, hachungulii. Nilimsalimu nikapita.

Mama alikuwa amelala na hema dogo la waya juu ya miguu ili shuka isimguse. Alikuwa amepungua. Alinitania kwamba nimekuja mikono mitupu kama wakaguzi wa forodha. Nikashindwa kucheka. Nikasema hapo hapo nimesimama, kabla sijaogopa.

"Mama, ni mimi. Nilimpa namba ambayo Busia ilikuwa na mtu. Sikupiga simu kuuliza. Niliona najua. Nilipomwita alijibu mwingine, nikaamini, nikakaa chini. Nilikaa chini, mama."

Alitazama dari muda mrefu, mpaka nikatamani anitukane jinsi alivyojua kutukana. Nilisikia mkwe nje akikohoa, na yeye pia alisikia, macho yake yakaenda dirishani.

"Huwa anakohoa hivyo kila siku," akasema. "Sijui ni moshi. Mwambie msichana wangu ampikie dawa."

"Nitamwambia."

"Kesho utampa redio?"

"Ndiyo, mama."

"Kundi gani?"

"La pili. Foleni. Nimehakikisha, nimeuliza mara mbili, hakuna mwingine. Na wewe ukirudi nitakuweka langoni kama zamani, hamtasikiana."

Akageuza kichwa kwenye mto akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu alinitazama jinsi unavyotazama kiti chenye mguu uliolegea.

"Mimi nikirudi utaniweka naye," akasema. "Kundi moja. Asikie nikitukana, asikie nikicheka, kama ni laana tumeshaila. Siku nyingine nikitaka kumwita mtoto wangu, sitaki kupitia kwako."